AKILI YA MTOTO NI AMANA: JE, NANI ATAULIZWA?

Kila mtu aliyepata kukaa mbele ya watoto akawafundisha, chuoni au skuli, amjua mtoto huyu. Hana ukorofi wala si mtoro. Huja mapema, hukaa kitako mahali pake, akaukodolea macho ubao. Lakini somo halimkai. Herufi ya jana leo ni ngeni kwake. Wenzake wamekwisha maliza juzuu ya Amma, naye angali katika sura tatu nne fupi, na hizo nazo huzichanganya.

Juu ya mtoto huyu sisi watu wa pwani tuna majibu matatu, na yote matatu tumeyarithi. Mama yake husema: "Ndivyo alivyojaaliwa." Jirani husema: "Huyu amepatwa na kijicho, mtafutieni mtu amzingue." Na mwalimu hasemi neno, hunyoosha mkono akashika bakora.

Katika makala haya twataka kuwaeleza ndugu zetu jibu la nne, ambalo wataalamu wa afya na ubongo wamelitafuta kwa miaka mingi. Kisha tutauliza suala ambalo mizani na vipimo vyao haviwezi kulijibu peke yake, nalo ni hili: Akili ya mtoto ikipunguzwa na mikono ya watu wazima pasi na mtu kuona, je, hiyo ni kadari ya kusubiriwa, au ni dhuluma ambayo mtu ataulizwa kwayo?

Jibu lao lahusu madini ya risasi. Tusemapo risasi hatukusudii ile itokayo katika bunduki peke yake, bali madini yenyewe, mazito na laini, ya rangi ya kijivu, ambayo wavuvi huyatia katika mishipi na nyavu zao ili zizame, na ambayo yamo ndani ya betri za magari. Risasi haina kazi hata moja katika mwili wa binadamu. Lakini ikiingia, kwa vumbi, kwa moshi au kwa chakula, mwili huidhania kuwa ni kalsiamu, ile tuipatayo katika maziwa na ambayo mifupa hujengwa kwayo. Kwa udanganyifu huo hupita katika milango ambayo haikufunguliwa kwa ajili yake. Huingia katika mifupa ikakaa humo miaka makumi, na huingia katika ubongo ikaharibu upelekanaji wa khabari baina ya chembe moja na nyingine. Mtoto mdogo huivuta mwilini risasi aliyoimeza mara nne au tano zaidi kuliko mtu mzima, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Na mwanamke aliyeingiwa na risasi zamani, akichukua mimba, mifupa yake huitoa risasi ile pamoja na kalsiamu, ikamfikia mtoto tumboni. Mtoto huyo huzaliwa na deni asilolikopa.

Namna risasi ilivyoenezwa duniani ni kisa chenye mazingatio. Mwaka 1921, huko Marekani, mtaalamu aitwaye Thomas Midgley aliona kuwa petroli ikitiwa dawa iliyotengenezwa kwa risasi, injini ya gari huacha kugonga na huenda kwa nguvu. Mwaka 1924 wafanya kazi watano wa kiwanda kimoja cha New Jersey kilichokuwa kikiitengeneza dawa hiyo walirukwa na akili, kisha wakafa. Midgley akawaita waandishi wa magazeti, akajiosha mikono kwa dawa ile mbele ya macho yao ili kuonyesha kuwa haidhuru. Hali yeye mwenyewe mwaka mmoja nyuma alikwisha kuugua kwa risasi akaenda kupumzika.

Mwaka 1925 wataalamu wakakusanywa mjini Washington kulitazama jambo hili. Tabibu mmoja mwanamke, Alice Hamilton, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, akaonya kuwa kuitawanya risasi katika hewa ya watu wote ni khatari. Upande wa pili alikuwako tabibu Robert Kehoe, ambaye kazi yake ililipwa na wenye viwanda. Hoja yake ilikuwa hii: risasi imo katika miili ya watu wote kwa tabia, na mwenye kudai kuwa kadiri hiyo yadhuru, basi na alete ushahidi. Hoja hiyo ikatawala kwa muda wa miaka arubaini.

Aliyeitikisa hakuwa tabibu, alikuwa ni mtaalamu wa mawe. Clair Patterson, ambaye mwaka 1956 alitangaza kuwa umri wa ardhi ni miaka bilioni 4.55, aliujua umri huo kwa kuipima risasi iliyomo katika mawe ya vimondo. Katika kazi hiyo alisumbuka sana, kwani kila chombo, kila tone la maji na kila chembe ya vumbi katika chumba chake ilikuwa na risasi iliyotoka nje. Akaifuata risasi hiyo mpaka baharini na katika theluji ya kale, na mwaka 1965 akaandika kuwa risasi iliyo katika miili ya watu wa zama hizi si ya tabia, bali imetiwa na viwanda na magari. Kehoe alikuwa amewalinganisha watu waliokwisha kunyweshwa sumu na watu wengine waliokwisha kunyweshwa sumu, alipoona wote wako sawa akasema kuwa wote ni wazima.

Kisha wakaja watazamaji wa watoto. Mwaka 1979 tabibu Herbert Needleman alitangaza uchunguzi wa meno ya utoto yaliyong'oka, ya watoto wa skuli katika miji ya Chelsea na Somerville, huko Massachusetts. Aliipima risasi iliyomo katika meno, akaipima na akili ya wenyewe. Watoto ambao meno yao yalikuwa na risasi nyingi walipata alama chache zaidi. Na walimu wao, ambao hawakujua lolote juu ya meno hayo, walikwisha kuwataja kuwa hawatulii, hawashiki maagizo, wala hawalimalizi jambo walilolianza. Watoto hawa hawakuwa wagonjwa kwa kuwatazama. Walikuwa wakicheza na kula kama wenzao.

Na mwaka 2005 wataalamu waliokusanya khabari za watoto 1,333 kutoka nchi kadhaa walikuta jambo ambalo akili ya kawaida hailitazamii. Risasi hupimwa katika damu kwa maikrogramu, yaani sehemu moja katika milioni ya gramu, kwa kila desilita moja ya damu. Damu ilipopanda kutoka maikrogramu 2.4 hata 10, mtoto alipoteza karibu alama 4 katika mtihani wa akili. Ilipopanda kutoka 10 hata 20 alipoteza karibu 2 nyingine, na kutoka 20 hata 30 alipoteza moja tu na kidogo. Maana yake, khasara kubwa hutokea mwanzo, katika kile kidogo ambacho watu husema, "Hiki hakidhuru." Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani husema kuwa hapana kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa ni cha salama.

Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara mwishoni mwa mwaka 2005, na nchi ya mwisho duniani kuiacha, nayo ni Aljeria, iliiacha mwaka 2021. Tangu kuvumbuliwa kwake imepita miaka mia kamili. Lakini risasi yenyewe haikuondoka. Mwaka 2020 shirika la UNICEF lilitangaza kuwa watoto wapatao milioni 800, yaani mmoja katika kila watatu duniani, wana maikrogramu 5 au zaidi katika damu yao, na wengi wao wako katika nchi masikini.

Asidhani mtu kuwa khabari hizi ni za mbali. Mwaka 2007 hapa Mombasa, karibu na Mikindani, palifunguliwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi, ubavuni mwa makazi ya watu yaitwayo Owino Uhuru. Mama mmoja aliyeajiriwa humo, Phyllis Omido, mwanawe mchanga akaugua, na alipopimwa akakutwa na risasi. Mama huyu akasimama kuwatetea majirani. Kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman kwa kazi hiyo. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa ikaamua kuwa wakazi wale walipwe shilingi bilioni 1.3, na rufaa zikafuata. Katika muda wote huo watoto walikuwa wakikua.

Sasa turudi katika suala letu.

Mtu atasema: "Hoja ya Kehoe ina kosa gani? Si sharia yetu yenyewe imfanyayo mwenye kudai kuwa ndiye wa kuleta ushahidi?" Twamjibu: Ndivyo, lakini kwanza tazama ni nani mwenye kudai. Asili ya hewa na maji ni usafi, na asili ya mwili wa mtoto ni salama. Anayetaka kuyabadilisha hayo ndiye mdai, kwa kuwa ndiye anayetaka haki ambayo hakuwa nayo. Mafakihi wetu walisema juu ya mtu achimbaye kisima katika njia ya watu, kisha mpita njia akatumbukia, kuwa mchimbaji hudhamini. Hawakumwambia aliyetumbukia alete ushahidi kuwa visima huua. Tena ushahidi uliokuwa ukingojewa katika jambo hili ulikuwa ni nini? Ulikuwa ni watoto wenyewe kuharibika, tena waharibike kwa wingi hata wahisabike. Mwenye kusema, "Nitaacha yatakapothibitika," hali uthibitisho ni watoto wa watu, amekwisha kukubali bei hiyo ilipwe, na si yeye mlipaji.

Atasema mwingine: "Yote ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Twamjibu: Kuiamini kadari ni katika nguzo za imani, na sisi hatuipunguzi hata chembe. Lakini kadari hutajwa kumliwaza aliyefikwa, haitajwi kumvua hatia aliyefikisha. Mtu akitia sumu katika kisima cha mtaa, hapana kadhi atakayemwacha kwa kuwa ajali za waliokufa zilikuwa zimekwisha andikwa. Basi vipi tuikubali hoja hiyo kwa mwenye tanuri la risasi, au kwa muuza rangi, au kwa nafsi zetu? Kusema "ndivyo Mungu alivyomuumba" juu ya kilichofanywa na watu ni kumtwika Mola dhuluma ambayo ametakasika nayo.

Wala jambo hili si dogo katika mizani ya dini. Wanavyuoni, miongoni mwao Imamu Ghazali, wamesema kuwa sharia imekuja kulinda mambo matano: dini, nafsi, akili, nasaba na mali. Ulevi umeharamishwa kwa kuwa huiondoa akili. Nasi twajua kuwa mlevi huiondoa akili yake usiku mmoja, na asubuhi humrudia. Basi kitasemwaje kile kinachoipunguza akili ya mtu mwingine, mtoto asiyejua, kidogo kidogo, kisha isirudi? Kwani hairudi. Mwaka 2001 palitangazwa uchunguzi wa watoto 780 wa Marekani waliokuwa na risasi nyingi. Nusu yao walipewa dawa ya kuitoa. Dawa ikaipunguza risasi katika damu, lakini akili zao hazikuwapita wale ambao hawakupewa. Mafakihi waliweka diya kamili, sawa na diya ya roho, kwa mwenye kumpiga mwenzake akamwondoshea akili. Na ikipungua baadhi yake, hukadiriwa kwa kadiri yake. Walijua kuwa mtu aweza kuibiwa nusu ya nafsi yake naye angali yu hai.

Na zaidi ya hayo, akili ndiyo mzigo wa taklifu ulipofungwa. Mtoto na mwendawazimu hawaandikiwi, kwa kuwa hawana cha kuchagulia. Basi mwenye kumpunguzia mtu akili hakumpunguzia alama za mtihani tu. Amempunguzia subira yake, ushikaji wake wa maagizo, na uwezo wake wa kujizuia na ghadhabu. Kisha ulimwengu huja ukamwadhibu kwa kukosa kile kile kilichochukuliwa kwake. Na sisi tuliojaaliwa kufahamu upesi yatupasa tuone haya kujivuna, kwani huenda tofauti iliyoko baina yetu na yule mwenye bakora mgongoni ni kuwa nyumba yetu ilikuwa mbali na moshi.

Hatusemi kuwa kila mtoto mzito amekula risasi. Wako wasiosikia vizuri, wako wasioona ubao, wako waliokuja na njaa, na wako ambao Mola amewapa ufahamu wa namna nyingine. Tusemalo ni kuwa haifai kuhukumu kabla ya kuuliza.

Tena tuanze kuuliza nyumbani mwetu. Mtoto wa kwetu azaliwapo, siku arubaini haziishi ila amepakwa wanja machoni, na alama ya wanja kipajini ili kumkinga na kijicho. Wanja wa namna nyingi uliopimwa, wa Omani, wa Pakistani na wa Naijeria, umekutwa kuwa umesagwa kwa jiwe la risasi, na mara nyingine zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Mtoto hulipangusa jicho kwa mkono, kisha mkono ule hutia kinywani. Mtu atasema: "Wanja ni sunna." Twamjibu: Kilichotajwa ni ithmid, na wengi wamelifasiri kuwa ni jiwe la antimoni. Liuzwalo sokoni leo mara nyingi ni jiwe jingine, linalofanana nalo kwa weusi na kwa kumetameta. Makusudio ya sunna yalikuwa ni kulinufaisha jicho, na jina la kichupa haligeuzi kilichomo ndani. Ama kumkinga mtoto na jicho la jirani kwa kitu ambacho huenda kinamla ubongo, hilo halina asili katika dini wala katika akili.

Na asiseme mtu kuwa mambo haya hayaondosheki. Mwaka 2019 wachunguzi walitangaza kuwa huko Bangladesh manjano ya jikoni yalikuwa yakitiwa rangi yenye risasi ili yang'ae, na karibu nusu ya manjano waliyoyapima sokoni yalikuwa nayo. Serikali ikawatoza faini wafanya biashara, ikapima masokoni, ikawatangazia watu. Hata kufika mwaka 2021 walipopima tena, hawakuyakuta yenye risasi. Ugonjwa uliofanywa na watu uliondoshwa na watu, tena kwa muda wa miaka miwili.

Twasema haya na sisi wenyewe tukiwa na deni. Katika chuo chetu, miaka mingi iliyopita, alikuwako mtoto kama huyu tuliyemtaja mwanzo. Baba yake alikuwa akivunja betri kuukuu uani na kuyeyusha risasi katika sufuria ili awauzie wavuvi, na watoto wakicheza pale pale. Sisi tulijua hayo, kwani tulipita mlangoni kwao kila siku, wala hayakutupitikia kuwa yana maana yoyote. Tulimpiga kwa kutohifadhi. Tulimpiga mbele ya wenzake, nao wakacheka. Mwisho akaacha kuja, nasi tukasema, "Hakuandikiwa ilimu." Hapana aliyempima damu yake, wala sasa kumpima hakutatuambia ilivyokuwa siku zile. Leo ni hamali mwenye watoto wake. Akituona sokoni hutua mzigo, hutusalimia, "Asalaam alaykum, maalim," akaubusu mkono ule ule. Tumekwisha mwomba radhi. Alitutazama kama asiyefahamu twaomba radhi ya nini.

Basi ndugu zetu, haya ndiyo tuyaombayo kwenu. Asiyeyushe mtu risasi wala asivunje betri mahali wanapokaa watoto, na mwenye kufanya kazi hiyo abadili nguo na akoge kabla ya kumpakata mwanawe. Wanja usitiwe katika macho ya mtoto mchanga. Vumbi la nyumba lifutwe kwa kitambaa cha maji, na mikono ya watoto ioshwe kabla ya kula. Wapewe maziwa, dagaa na mboga za majani kadiri iwezekanavyo, kwani mwili uliopungukiwa na chuma na kalsiamu huivuta risasi kwa wingi zaidi. Wanaokaa karibu na viwanda vya namna hii wadai kupimwa wao na watoto wao, wala wasinyamazishwe kwa kuambiwa walete ushahidi. Na sisi walimu, kabla ya kunyoosha mkono kushika bakora, tumuulize mtoto anakaa wapi, anakula nini, na baba yake anafanya kazi gani.

Kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Twamuomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe madhara tusiyoyaona kwa macho, atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua, na atupe nguvu ya kuyaacha baada ya kujua. Amin.